Saini Kwanza, Mzigo Baadaye

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Siisahau siku hiyo. Mkono ulioharibu ni huu ninaoandikia.

Nyumba zetu zina vyumba viwili viwili. Hazina ua. Mlango wa mbele unatazama barabara ya malori. Mlango wa nyuma unatazama gati la zamani na maji. Binti yangu ni dobi. Hufulia mlangoni, kisha huanika nguo gatini, kwenye kamba alizofunga kati ya nguzo za ghala.

Gati hilo nililifanyia kazi miaka ishirini na sita. Nilikuwa mnyapara wa wapagazi. Mpaka leo watu huniita Mnyapara, ingawa sina wa kumsimamia, hata paka. Kisha bandari ikahamishwa. Wakubwa walipofunga bandari, walifunga na zahanati yake. Mke wangu alikuwa anaumwa kifua. Zahanati mpya ilikuwa mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Sitaki kusema mengi. Nasema tu kwamba waliofunga zahanati walikuwa na magari.

Mwaka wake wa mwisho, kila alasiri nilimshika mkono nikampeleka gatini. Alikaa kwenye kigingi cha tisa. Vigingi ni vile vyuma vinene vya kufungia meli. Viko kumi na viwili.

"Baba watoto," alikuwa akisema, "hapa pumzi ni ya bure. Wasije wakajua."

Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea karatasi. Mimi niliishia darasa la nne. Alipofariki, sikumwomba mwingine, na karatasi zote za nyumba hii zilinyamaza.

Basi, Jumatano hiyo alikuja bwana mmoja kutoka manispaa. Alikuwa na kalamu nne katika mfuko wa shati. Tulimwita Bwana Kalamu. Alituita wakazi ghalani. Alikuwa na karatasi kwenye ubao, na juu yake karatasi nyingine imekunjwa ikafunika nusu.

"Wazee wangu, akina mama," alisema, "hii ni ya mahudhurio tu. Jiandikisheni, halafu tuzungumze habari njema."

Sasa sikiliza kosa letu. Bandarini tulikuwa na kawaida. Karani alikuja na orodha asubuhi. Aliyetia saini mapema alipata kazi ya siku. Aliyeuliza, "Leo mzigo gani?" alijibiwa, "Kauulize nyumbani kwako." Kwa hiyo tulijifunza wote: saini kwanza, mzigo baadaye.

Bwana Kalamu alipoinua ubao, miguu yetu ilikumbuka. Tuligombania kalamu. Kifundo, mwenzangu wa zamani mwenye goti lililovimba, alinisukuma kwa kiwiko.

"Pisha, Mnyapara! Leo mimi wa kwanza!"

"Wa kwanza na goti hilo? Subiri meli ijayo!"

Tulicheka. Nikatia saini wa kwanza. Wengine arobaini wakafuata. Bwana Kalamu alisema maneno machache kuhusu maendeleo, akatazama saa, akaondoka.

Siku kumi na moja baadaye, binti yangu alirudi na beseni la nguo mbichi kichwani.

"Baba, wamefunga gati."

"Nani?"

"Twende ukaone mwenyewe."

Mabati ya buluu yalikuwa yamesimama kutoka kona hadi kona. Maji hayakuonekana. Mlinzi aliyekaa mbele yake hata hakuinuka.

"Fungua," nilimwambia. "Sisi ni wenyeji."

"Mzee, si mmekubali wenyewe? Soma pale."

Palibandikwa picha ya jengo la vioo, maduka chini na maegesho ya magari hadi ukingoni. Chini ya picha kulikuwa na karatasi. Binti yangu aliisoma kwa sauti.

"Sisi wakazi tunaunga mkono ujenzi wa maduka na maegesho katika eneo la gati. Hatuna pingamizi."

Chini yake, saini arobaini na moja. Ya kwanza ilikuwa yangu.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Mwanamke mmoja aliniuliza dirishani, "Mnyapara, gati umeliuza kwa bei ya jumla au rejareja?" Kifundo naye, aliyetia saini wa pili, alisema, "Mimi nilimfuata kiongozi." Jioni hiyo nilifunga mlango wa mbele na wa nyuma.

Sasa kuna jirani yetu mmoja, tunamwita Mama Ramani. Alichora ramani katika ofisi ya ardhi miaka thelathini. Alipostaafu alipanga chumba karibu nasi. Mimi sikumwamini. Mtu aliyekula chumvi ya wakubwa miaka thelathini anatafuta nini kwetu? Alipobisha hodi kesho yake nilimwambia, "Kawaambie waliokutuma kwamba nimelala." Ilikuwa saa nane mchana.

Siku nne baadaye binti yangu alimwingiza kwa nguvu.

"Baba, nguo za watu zimeanza kunuka ukungu. Wewe endelea kununa. Mimi namsikiliza."

Mama Ramani alikaa. Hakuanza kwa pole.

"Mnyapara, ile karatasi ulipotia saini, juu paliandikwa nini?"

"Palifunikwa."

"Ukafunua?"

"Sikufunua."

"Haya. Mahudhurio ni kusema 'nilikuwepo.' Kibali ni kusema 'nimekubali.' Ni vitu viwili. Lakini saini haina mdomo. Inasema kile kilichoandikwa juu yake. Na juu pakiwa patupu, mtu mwingine atapajaza."

"Basi imekwisha."

"Haijaisha. Nimekwenda manispaa. Tangazo la ujenzi limebandikwa ukutani, nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango?"

"Mlango ukiwa wazi, huwezi kuliona. Lina tarehe ile ile, kumi na nne. Watu wamepewa siku thelathini za kutoa pingamizi. Kumi na sita zimepita. Kwingine siku huwa nyingi au chache, kwa hiyo kila mtu aulize kwao. Sisi tunazo kumi na nne."

Nilimtazama usoni. "Na wewe unapata nini?"

Alikunja mikono. "Miaka thelathini nilichora mistari, Mnyapara. Mistari mingine ilipita juu ya nyumba za watu. Sikuuliza. Nilichora tu. Wewe ulitia saini kwanza. Mimi nilichora kwanza."

Sikumwamini sana. Lakini nilimwambia binti yangu amletee maji ya kunywa.

Kesho yake tulikusanyika kibarazani kwangu. Nilitaka barua yenye neno moja: Hatutaki.

"Hapana," alisema Mama Ramani. "Ukiandika hutaki, wataandika kwamba wazee wanapinga maendeleo. Andika unachokitaka. Na useme mahali hapo mnapatumiaje."

Kifundo aliinua mkono. "Mimi nasema kweli. Nina wanangu wawili hawana kazi. Duka litaajiri. Bustani itaajiri nani? Vipepeo?"

Watu walicheka, lakini wengine waliitikia kwa kichwa. Binti yangu alisema, "Hata mimi ningefanya kazi dukani. Mikono yangu imechoka sabuni."

"Vizuri," alisema Mama Ramani. "Nani kasema tuchague kimoja? Eneo ni kubwa. Upande wa barabara kuna maghala matupu. Maduka yakae humo. Duka laweza kukaa popote penye njia. Ukingo wa maji ni mmoja. Ukishaujaza magari, hutaupata mwingine."

Hapo Kifundo alishusha mkono.

Ramani ilihitaji vipimo, na gati lilikuwa limefungwa. Lakini mimi nilijua. Kutoka kigingi hadi kigingi ni hatua ishirini. Kutoka vigingi hadi ukuta wa ghala ni hatua hamsini. Nimezitembea na gunia mgongoni, sihitaji futi. Nilivitaja vipimo, Mama Ramani akachora. Tuliomba hatua arobaini kutoka majini ziwe bustani ya wote, yenye miti na viti, na njia mbili za kuingilia. Maduka yakae nyuma.

Tuliandika nakala mbili. Mama Ramani alinifundisha: moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, unarudi nayo. Nilikwenda mwenyewe. Karani hakuinua macho.

"Acha hapo, mzee."

"Gonga muhuri."

"Mwenye muhuri ametoka."

"Nitamngoja."

"Anaweza kuchelewa."

"Mwanangu, mimi nimesubiri meli siku nne. Huyo mwenye muhuri ana matanga?"

Nilikaa. Saa sita muhuri ulipatikana, ndani ya droo ya karani yule yule.

Tuliitwa mwezi uliofuata kwenye kikao cha manispaa cha kusikiliza pingamizi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Mlangoni alisimama Bwana Kalamu, na ubao ule ule, na karatasi ya juu imekunjwa vile vile.

"Karibuni, wazee wangu. Mahudhurio tu."

Hakuna mkono ulionyooka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu arobaini walisimama pale kama mizigo isiyo na mwenyewe.

Nilichukua ubao. Niliondoa karatasi ya juu, nikampa mwenyewe. Pale juu palipofunikwa palikuwa patupu, peupe kabisa.

"Bwana, hapa pataandikwa nini?"

"Kichwa cha habari tu. Tutaandika baadaye."

"Tuandike sasa. Mimi nina nafasi."

Binti yangu alinitajia herufi zilizonishinda. Niliandika kwa herufi kubwa, polepole, watu wakiniangalia: MAHUDHURIO TU. SI KIBALI. Nikapiga mstari chini yake pasiingie neno jingine. Ndipo nikatia saini. Kifundo alifuata. Pembeni ya saini yake aliandika tena, si kibali.

"Nimeshaandika juu," nilimwambia.

"Wewe nilishakufuata mara moja," alijibu. "Safari hii najifuata mwenyewe."

Mwenyekiti wa kikao aliiona karatasi ile. Aliuliza kuhusu ile ya kwanza. Bwana Kalamu alisema kichwa kiliandikwa ofisini. Nani aliandika? Hakumbuki. Nani aliagiza? Hakumbuki. Mtu mwenye kalamu nne hakumbuki hata moja iliandika nini. Mama Ramani alisimama, akaonyesha mchoro wetu na nakala yenye muhuri. Hakuna aliyeweza kusema haikupokelewa.

Ramani ya ujenzi ilibadilishwa. Hatukupewa hatua arobaini. Tulipewa ishirini na tano. Maduka yamerudishwa nyuma, ndani ya maghala, na mtoto mmoja wa Kifundo anabeba katoni humo. Mabati ya buluu yaliondolewa upande wa maji mwezi wa tisa. Imepandwa miti, midogo bado, myembamba kama fimbo ya mwalimu. Alasiri watu hukaa. Wanaoumwa huletwa kupumua. Mwanamke aliyeniuliza habari ya jumla na rejareja sasa ananisalimia kwanza.

Lakini pana kibao: Usianike nguo. Binti yangu alikisoma mara mbili.

"Baba, kamba zangu tuliziandika kwenye barua?"

Tulikuwa tumesahau. Tuliandika miti, tukaandika viti, tukaandika njia mbili. Kamba tulidhani kila mtu anazijua. Kisichoandikwa hakikujengwa. Sasa anaanika juu ya paa, na mimi ndiye ninayeshika ngazi. Mama Ramani anasema tuandike barua nyingine. Ameshaanza kuichora.

Hayo nimekuandikia wewe unayejifunza kusoma, hata kama ni mtu mzima kama mimi. Funua karatasi kabla ya kushika kalamu. Juu pakiwa patupu, paandike wewe. Barua ikienda, nakala irudi na muhuri. Angalia na nyuma ya milango.

Ningeishia hapo. Mwalimu wa darasa la kisomo cha watu wazima, ninakojifunza sasa, alinishauri niishie kwenye miti.

Ila Jumatatu moja nilikwenda kukaa kwenye kigingi cha tisa, nikakuta njia zote mbili zimewekwa mageti ya chuma. Yako wazi. Kila moja lina kufuli jipya linaloning'inia. Nilimuuliza mlinzi wa maduka. Alisema aliyakuta. Nilimuuliza fundi wa miti. Alisema hayamhusu. Nilimuuliza Mama Ramani. Alikunjua ramani iliyopitishwa, akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaigeuza akatazama na upande wa nyuma.

Kuhusu mageti nimeandika barua nyingine kwa mkono wangu, peke yangu. Ina mistari miwili tu. Nakala yangu ina muhuri wa tarehe tatu. Leo ni tarehe ishirini na saba, na hawajajibu.

Nimeandika hivi: Katika ramani hakuna geti. Funguo za mageti haya anazo nani?