Mboga Isiyochambuliwa

Jumamosi nyumbani kwetu haikuwa siku ya mapumziko. Mama alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, na wageni huchafua mashuka bila kujali ni siku gani. Aliondoka kabla jua halijachomoza, akinipangia kazi huku akijifunga kitambaa kichwani.

"Chota maji ndoo sita. Fua sare zako. Piga deki chumba cha bibi yako. Halafu chuma mchicha, uuchambue jani moja moja, bibi ale mapema kabla hajameza dawa yake ya presha."

"Ndiyo, Mama."

"Jani moja moja, Chapuchapu. Nakujua."

Chapuchapu ndilo jina nililopewa nyumbani, maana kila kazi niliifanya ilimradi ionekane imekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kucheza, ambao ukilala unaisha. Nasema ule wa foleni ya bomba alfajiri, shule mchana, na vyombo jioni, mpaka mtu anaamka nao.

Nilipomaliza kupiga deki, Bibi aliniita kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa mama yake Mama, aliyeshona nguo kwa miaka arobaini, na mtaa mzima ulivaa kazi ya mkono wake.

"Mke mwenzangu, njoo unitungie uzi. Matundu ya sindano siku hizi wanayatoboa madogo."

"Matundu ni yaleyale, Bibi. Macho ndiyo yamestaafu."

"Basi yamestaafu bila kuniaga," akasema, akacheka peke yake.

Tuta letu la mchicha lilikuwa nyuma ya bafu. Kulipalilia ilikuwa kazi yangu ya kila wiki. Kila Mama alipouliza, nilijibu nimepalilia, naye akirudi hoi hakuwa na nguvu ya kwenda kukagua. Kwa hiyo siku ile magugu yalikuwa yamesimama bega kwa bega na mchicha. Nilitazama jua lilivyokuwa kali, nikachukua kisu, nikakata mafungu mafungu. Baadhi ya majani yalikuwa mapana, yenye kingo za menomeno, na yalipokatwa yalitoa harufu mbaya. Nikasingizia mfereji wa bafu.

"Umechambua?" Bibi aliuliza kutoka dirishani.

"Nimechambua."

Hata sikuona kuwa ni uongo. Lilikuwa neno la kumaliza mazungumzo tu.

Nilipika, nikampakulia. Alitafuna, akakunja uso.

"Mboga yako chungu leo."

"Labda imekomaa."

Bibi hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Alimaliza sahani, akameza dawa yake. Mimi nilisema nitakula nikiamka, nikajinyoosha kwenye mkeka na usingizi ukanichukua palepale.

Niliamshwa na sauti yake. Bibi alikuwa ameketi kitandani akizungumza na babu, na babu alifariki kabla sijazaliwa.

"Mteja wa gauni yuko mlangoni," alimwambia. "Punguza taa hiyo, inanichoma macho."

Hapakuwa na taa, ila mwanga wa mchana. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilishika sindano isiyokuwepo. Vya mkono wa kulia vilipeleka uzi mdomoni ili aulowanishe, lakini midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Alijaribu kutunga, akakosa, akajaribu tena. Nilicheka kwanza, nikidhani ni utani wake. Ndipo aliponigeukia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Kicheko kikanikauka. Nilimpa maji, hakuweza kuyameza. Ngozi yake ilikuwa ya moto bila tone la jasho.

Mungu alijalia Mama akatokea wakati huo, mikono yake bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. Alimgusa mama yake paji la uso, akasema malaria imempanda kichwani. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa jirani, tukaenda kituo cha afya. Njia nzima Bibi alishona hewa.

Tabibu alikuwa zamuni tangu jana yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na nje ya mlango wake mabenchi yalikuwa yamejaa. Alipima malaria, hakuikuta. Alisikiliza moyo, akasema unakimbia. Bibi akaanza kuvua nguo na kutaka kushuka kitandani, akisema mteja amengoja vya kutosha.

"Amewahi kuchanganyikiwa hivi?" tabibu akauliza.

"Hapana," Mama akasema. "Au ni uzee, daktari? Asubuhi alikuwa mzima kabisa."

"Uzee hauji kwa saa moja. Inaweza kuwa ni maradhi ya akili." Alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Nitamtuliza kwanza, halafu nitamwandikia rufaa. Leo amekula nini?"

"Mchicha wa nyumbani tu. Binti yangu kauchambua mwenyewe."

Mama alilisema hilo akinitetea. Nilitamani sakafu inimeze. Nilijua nikisema, Mama hataniamini tena. Lakini Bibi alikuwa amejikunja pale kitandani akitafuta tundu la sindano, na mimi ndiye pekee niliyejua kilichokuwa kwenye sahani yake.

"Sijauchambua," nikasema.

"Unasema nini?" Mama akageuka.

"Nilikata kwa kisu, pamoja na magugu. Na sijapalilia hata mara moja. Nilidanganya."

Tabibu aliiweka sindano chini. Alichukua tochi akammulika Bibi machoni. Mboni zilikuwa kubwa, nyeusi, na hazikusinyaa hata kidogo.

"Gugu lenyewe likoje?"

"Majani mapana, kingo zina menomeno. Yananuka. Maua meupe, marefu kama tarumbeta. Tunda lake ni la mviringo, lina miiba."

"Mnanaha," akasema, na uchovu wote ukamtoka usoni. "Kimbia ukaniletee. Funga mkono kwa mfuko, na usijiguse macho. Lete na sufuria uliyopikia."

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Niliporudi, Bibi alikuwa ametundikiwa dripu, amewekewa vitambaa vya maji, na tabibu alikuwa akimnywesha kidogo kidogo unga mweusi wa mkaa wa hospitali, unaonasa sumu tumboni. Aliutazama mmea, akaitikia kwa kichwa kuwa ndio wenyewe.

"Ile sindano niliyotaka kumchoma kwanza ingemzidishia hali," alimwambia Mama kwa sauti ya chini. "Nimempa dawa nyingine."

Baadaye, moyo wa Bibi ulipoanza kupunguza mbio, tabibu aliketi kwenye benchi kando yangu. Nilidhani atanigombeza. Hakuwa na nguvu hizo.

"Mmea hauna miguu ya kumkimbia mbuzi," akasema. "Hujilinda kwa kutengeneza kemikali. Nyingine huitwa alkaloidi, na nyingi ni chungu. Iliyomshika bibi yako inaitwa atropini, na ina wenzake humo humo."

"Inafanya nini mwilini?"

"Neva hutuma ujumbe kwa kemikali. Ujumbe mmoja huambia mate yatoke, jasho litoke, mboni isinyae, moyo uende taratibu. Huo ujumbe una kiti chake cha kupokelewa. Atropini huwahi kukikalia. Ujumbe ukifika, umekosa pa kukaa. Ikifika kwenye ubongo, mtu huona wasiokuwepo."

"Lakini niliichemsha."

"Kuchemsha hakuiondoi. Na usidhani ni uchawi. Atropini tunayo kabatini, imepimwa, na inaokoa watu. Kinachotofautisha dawa na sumu ni kipimo, na mtu kujua anachotoa." Alisimama kwa shida, akaita mgonjwa mwingine.

Bibi alirudi nyumbani siku ya tatu, akiwa dhaifu, macho bado yana ukungu. Mama hakunichapa wala kunifokea. Aliniambia neno moja tu tukiwa jikoni.

"Nilijua hupalilii. Nilichoka kwenda kutazama. Tumekosa wote wawili, lakini wewe ulinidanganya, na hilo limeniuma zaidi."

Nililia, na kesho yake niling'oa magugu yote, mzizi kwa mzizi, nikayafukia.

Jumamosi iliyofuata niliweka ungo wa mchicha mapajani. Mgongo uliniuma kwa ndoo za maji. Sauti ya Bibi ikatoka dirishani.

"Umechambua, mke mwenzangu?"

Neno la zamani lilinijia mdomoni. Nikalimeza.

"Bado, Bibi. Nimechoka."

Nikasikia kiti kikiburutwa, na Bibi akaja polepole, akishika ukuta, akaketi karibu yangu.

"Kuchoka si kosa," akasema. "Humu ndani nani hajachoka? Lakini anayesema amechoka hupata wa kumsaidia. Anayesema amemaliza wakati hajamaliza, kazi yake humwangukia mwingine, na safari hii ilinidondokea mimi sahani nzima. Sogeza ungo. Macho yangu hayaoni vizuri, kwa hiyo wewe utatazama, mimi nitakata vikonyo."

Tulichambua mpaka mwisho, jani moja moja.