Jiwe la Masalu, Fimbo ya Babu

Kila siku alipotoka shule, Vumilia alivua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akachota maji ya ng'ombe wawili wa babu yake. Alikuwa darasa la sita katika mji wa Masumbwe. Lakini Jumatatu hiyo, kabla hata hajashika ndoo, alikaa na daftari mbele ya Babu Maganga.

"Babu, Ijumaa tuna mdahalo. Mwalimu Mwahija ameniweka upande unaosema kwamba vijana wa leo ni wakorofi kuliko wa zamani. Nataka unisaidie."

Babu alifurahi kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua vizuri. "Andika, ng'wanawane, mwanangu. Enzi zetu kule Mhunze, kijana akikutana na mtu mzima alisalimia kwa heshima na kupisha njia. Kupigana barabarani? Hatukujua! Siku hizi vijana wameharibika. Machimbo yamewaharibu, simu zimewaharibu."

Vumilia aliandika ukurasa mzima. Jambo lilionekana rahisi kama kujumlisha mbili na mbili.

Jumatano mama alimtuma sokoni kununua chumvi. Alipofika kwenye kijiwe cha bodaboda alikuta watu wamejazana. Katikati yao alikuwa kaka yake, Masalu, dereva wa bodaboda mwenye miaka kumi na tisa, akisukumana na kijana mchimbaji aitwaye Donatus. Walikuwa wameanza kwa utani wa mpira, sasa wanatukanana matusi ya nguoni. Wengine walicheka. Wengine waliinua simu wakapiga picha. Hata muuza nyama aliacha kisu chake, akaja kutazama.

Donatus akampiga Masalu kofi. Masalu akainama, akaokota jiwe, akalirusha. Lilimpata mwenzake juu ya jicho. Damu ikatiririka hadi kwenye shati, na Masalu akawasha pikipiki akatoweka.

Vumilia alirudi nyumbani bila chumvi.

Jioni habari ilikuwa imefika. Baba alikuwa safarini Kahama, hivyo Babu ndiye aliyeuliza. "Masalu, wanasema kuna kijana amepasuliwa. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Babu. Nilikuwa nimempeleka abiria Ushetu."

"Nilijua," Babu akasema. "Mjukuu wangu hawezi kufanya uhuni huo."

Masalu alimtazama dada yake mara moja tu, kisha akainamisha uso. Vumilia alitaka kusema, lakini akachukua ndoo, akatoka kuchota maji. Akisema, amemsaliti kaka yake. Asiposema, je, yeye ni nani?

Kesho yake, alipotoka shule, miguu ilimpeleka yenyewe hadi zahanati. Donatus alikuwa kwenye benchi, kichwa kimefungwa bandeji, jicho moja limevimba na kufumba. Pembeni yake alikaa bibi yake, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili.

"Shikamoo, bibi. Pole na mgonjwa."

"Marahaba, mjukuu. Tumeshapoa. Namshukuru Mungu jicho limenusurika, ni nyama tu iliyopasuka. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni mjukuu wa Mzee Maganga, dada yake Masalu."

Yule bibi, ambaye jina lake lilikuwa Scolastika, aligeuka mwili mzima. Alikuwa amehamia Masumbwe mwezi uliopita tu, kumfuata binti yake anayeuza chakula machimboni.

"Maganga yupi? Yule aliyetoka Mhunze?"

"Ndiye huyo."

"Basi damu ni ileile," akasema polepole. "Babu yako alimvunja kaka yangu Masele mkono kwa fimbo, kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Vijana wa kundi hili na wa kundi lile walipigana kama fahali. Mkono ule ulipinda, Masele hakulima tena sawasawa hadi anakufa. Na Maganga akahama kabla wazee hawajamwita."

Siku zote Vumilia aliambiwa kwamba Babu alihama kufuata malisho.

"Kwa hiyo, bibi, vijana wa zamani walikuwa wabaya zaidi?"

Scolastika alifikiri. "Sijui, mjukuu wangu. Walipigana, tena sana. Lakini siku ile wazee waliingia katikati, mmoja akapigwa yeye begani. Jana hapa sokoni nasikia watu wazima walisimama wakitazama. Sasa mbaya ni nani hapo? Mimi sijui."

Alipofika nyumbani, Babu alikuwa akisuka kamba ya ng'ombe, na Masalu akipangusa pikipiki yake. Vumilia hakuketi.

"Babu, Masele wa Mhunze ni nani?"

Kamba ilianguka. Vumilia akaanza kulia, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Mimi nilikuwepo sokoni. Nilimwona Masalu akirusha jiwe. Nawe Babu uliniambia niandike uongo, nami nikauandika!"

Masalu alisimama kama anayetaka kukimbia. Babu akamshika mkono. "Kaa. Mimi nilikimbia, na unaona nilipofika. Miaka hamsini nimewasema vijana wa watu ili mtu asiniulize ujana wangu."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama, wote watatu walikwenda nyumbani kwa Scolastika, alikokuwa Donatus. Babu alivua kofia, akaeleza kosa lake pasipo kulipunguza. Yule bibi alimsikiliza hadi mwisho, macho yakiwa makavu.

"Aliyepaswa kuyasikia haya yuko kaburini, Maganga. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Lakini Donatus yuko hai. Huyo kijana wako aseme sasa, asingoje uzee."

Masalu alipiga magoti. "Ni mimi niliyekupiga. Nisamehe, ndugu yangu. Nilidanganya kwa sababu niliogopa."

Donatus alimshika bega. "Na mimi nilikupiga kofi mbele za watu," akasema. "Nyanyuka." Walikubaliana kwamba Masalu atampeleka zahanati kila siku kubadilisha bandeji, na kesho wote wawili wataripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Ijumaa darasa lilijaa. Zamu ya Vumilia ilipofika, alisimama na daftari, lakini hakulifungua.

"Mwalimu, niliandika ukurasa mzima. Nimeuchana. Zamani walipigana kwa fimbo, leo wanapigana kwa mawe. Zamani waliamuliwa, leo wanapigwa picha. Sijui nani ni mbaya zaidi."

Darasa lilicheka. Mwalimu Mwahija hakucheka. Aliweka chaki mezani.

"Wanafunzi, msimcheke. Vumilia ameuliza hadi amefika pagumu, ninyi mmeishia pepesi. Mkubwa anayeficha makosa yake humfundisha mdogo kuficha ya kwake. Na mkubwa anayetazama ugomvi bila kuamua, naye amepigana. Mimi juzi nilipita pale sokoni nikaharakisha hatua." Sauti yake ikashuka. "Nilipaswa kusimama. Kosa likisemwa mapema hukoma kwa aliyelifanya. Likifichwa, hurithiwa."