Kahawa ya Mashine Namba Nne

Asiyeamini na asiamini, lakini rafiki yangu Ankunda si mwongo. Yeye ni fundi wa mitambo. Mchana mmoja aliitwa kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa karibu na Omurushaka. Mashine namba nne ilikuwa haiwasiliani na kompyuta kuu, kiwanda kizima kimesimama, na wakulima wamejaa getini na magunia yao.

Msimamizi, mzee Elpidius, alikuwa ameweka kisahani cha kahawa ya kutafuna, punje kavu zenye maganda wanazokaribishiwa wageni, juu ya kabati la umeme.

"Marehemu Bainomugisha aliiendesha mashine hii miaka ishirini. Leo asubuhi tulisahau kumkaribisha. Subiri kwanza atafune, mwanangu."

"Samahani, mzee. Mimi natengeneza waya, silishi marehemu."

Akaimimina kahawa yote mfukoni mwa ovaroli yake, akajifungia ndani ya chumba cha umeme.

Chumba kile hakina dirisha. Alizima umeme, akabadilisha waya wa mawasiliano kwa mwanga wa tochi. Tochi ikazimika. Gizani akasikia meno yakivunja punje za kahawa, polepole, karibu kabisa naye.

"Tafuna utakavyo," akasema kwa sauti. "Siondoki hapa mpaka mashine iongee!"

Akakaza skrubu kwa kupapasa, akawasha umeme. Namba nne ikajibu. Wakulima wakapiga vigelegele.

"Mmeona?" alitoka akimwambia mzee. "Ni waya tu. Shika kahawa yako."

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa maganda matupu, yamelowa mate, bado ya vuguvugu.