Moyo wa Céline na Saa Iliyotoka Ulaya

Kanyamibwa alimzaa Sebahire, na Sebahire akamzaa Byukusenge. Hao ndio wazee wa nyumba yetu pale Muheto, katika milima ya Masisi, watu waliolima maharagwe na mihogo kwenye mteremko ambao wengine waliuita ukuta. Kanisa walilijenga kwa mikono yao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa kwa chifu kujibu shauri la aibu. Byukusenge alisoma kwa mapadri, akafundishwa hesabu na adabu kwa fimbo ileile moja. Katika damu hiyo ndimo alimotoka Céline Nyiramana, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mrefu mwenye hatua ndefu, aliyekimbia kila asubuhi kwa sababu parokia ilikuwa imeandaa mashindano ya mbio, naye hakuwa na nia ya kumwachia mtu ushindi.

Siku moja ya soko, pale Masisi-centre, Céline alipita mbio katikati ya wauzaji waliokuwa bado wanapanga viazi na jibini. Alivaa suruali ya michezo ya bluu na sweta nene ya sufu iliyofumwa na mama yake, maana baridi ya milima yetu haimhurumii mtu kabla jua halijapanda. Juu ya mkono wa sweta hiyo alikuwa amefunga saa nyeusi aliyotumiwa na mjomba wake Callixte kutoka Ubelgiji, saa inayohesabu mapigo ya moyo. Macho yake yalikuwa kwenye saa, ndiyo sababu hakuiona bidoni ya mawese iliyosimama njiani. Akaipiga teke, nayo ikalala chini na kumwagia viatu vyake mafuta mekundu.

“Ee Mungu wangu! Dada, macho iko wapi?”

Aliyepaza sauti alikuwa kijana wa mabega mapana, mwenye koti la ngozi na buti za mpira. Jina lake Marcellin Ngabo. Kazi yake ilikuwa kununua mawese huko Itebero, katika msitu wa Walikale, kuyapandisha Masisi, kisha kuteremka na maharagwe.

“Iko ku montre, kaka. Unisamehe. Inaniambia moyo yangu imepiga mara kumi na tisa.”

“Kwa siku?”

“Kwa dakika.”

“Basi bidoni yangu imeangushwa na marehemu.”

Céline alicheka ingawa vidole vyake vilikuwa vinaogelea katika mawese. Marcellin akainua bidoni, akaukaza mfuniko wake, akaomba kuitazama saa hiyo. Sasa ilionyesha mia moja na arobaini.

“Umefufuka, dada, tena kwa haraka! Lakini hii montre inapima moyo ya nani?”

“Yangu, kaka. Ya nani tena?”

“Hapana. Umeifunga juu ya hii pull ya sufu. Inapima moyo ya kondoo.”

Akaigeuza, akamwonyesha mwanga wa kijani unaowaka nyuma yake. “Hii taa inatafuta damu ndani ya ngozi. Weye unaionyesha sufu.” Céline akakunja mkono wa sweta, akaifunga saa kwenye ngozi. Namba zikatulia, zikawa za mtu aliye hai. Marcellin akamsaidia kukaza mkanda, na alipokuwa angali ameshika mkono huo, namba zikaanza kupanda polepole.

“Sasa inasema kweli,” akasema.

Céline aliuvuta mkono wake. Hata hivyo, alimpa namba ya simu.

Tangu hapo simu hazikukatika. Marcellin akiwa Itebero ilimlazimu kupanda kilima ili apate mtandao, na kila alipofika juu alipiga huku akihema.

“Mwalimu, kondoo yangu amekimbia leo?”

“Amekimbia. Na weye mbona unahema kama muntu anayefukuzwa?”

“Nimepanda mulima juu ya kutafuta sauti yako, sheri. Sasa ongea, isije ikawa bure.”

Hawakuchezea muda. Marcellin alisema wazi kwamba anataka kuwatuma wazee wake Muheto kumposa, na Céline akakubali. Ikapangwa kwamba watakuja baada ya mavuno ya maharagwe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Saa ile, ambayo sasa iliona ngozi badala ya sufu, ilianza kutoa habari nyingine. Kila Céline alipoukimbia mlima wa kurudi Muheto, ambao mwanzoni aliupanda akitembea, kioo kiligeuka chekundu, kengele ikalia, na maneno ya Kifaransa yakatokea: moyo umepita kiwango cha juu, simama. Alishangaa, maana kifua hakikumuuma, kizunguzungu hakikumpata, na miguu bado ilitaka kwenda. Akasimama. Kesho yake akapunguza mwendo. Kengele ikalia tena. Alikwenda kituo cha afya, asiseme lolote kuhusu saa. Muuguzi akamshika mkono, akahesabu kwa utulivu, akamwambia, “Mwalimu, hii moyo inapiga muzuri sana.”

Lakini Céline alijiuliza: muuguzi alipima moyo wa mtu aliyeketi. Je, atajua kushinda mashine iliyotengenezwa na wazungu? Akamkumbuka shangazi yake Libérata, aliyefariki akijifungua, na watu wazima wakasema moyo ulimshinda. Ikiwa mlima tu unaupita moyo wangu, akawaza, uchungu wa kuzaa utaufanya nini? Akamwona Marcellin amesimama kando ya kaburi, amebeba mtoto mchanga. Wazo hilo lilimlalia kifuani mpaka akapiga simu.

“Marcellin, uwaambie wazee wako wasikuje.”

“Wasikuje mwezi huu, ao wasikuje kabisa?”

“Kabisa.”

“Nimekosea nini, sheri?”

“Hakuna. Nimebadilisha mawazo.”

Akakata. Simu ikalia tena na tena ndani ya mtoto wa meza, hata ikanyamaza. Na mbio nazo akaziacha.

Juma lililofuata Marcellin alitokea uwanjani mwa shule, matope yamempanda mpaka magotini, kwa kuwa pikipiki ilishindwa kupita na sehemu kubwa ya njia alikuja kwa miguu. Masomo yalikuwa yamekwisha. Jean-Luc, kaka yake Céline, alikuwa akipiga mpira peke yake golini.

“Kuna mwanaume mwengine?” Marcellin aliuliza, hata salamu hakutoa.

“Hapana!”

“Basi uniambie kwa mudomo, nikikuona. Ku simu muntu anaweza kusema kila kitu.”

Céline alijaribu kushikilia uso wake, ukamponyoka. Akalia, akamweleza yote: kengele, kioo chekundu, shangazi Libérata. Marcellin aliushusha mfuko aliokuwa ameubeba begani, akauweka chini. Kisha akanyoosha mkono.

“Nipe hiyo montre.”

Akaifunga kwenye ngozi, akaukimbilia mlima nyuma ya shule na buti zake zote. Hajafika nusu, kengele ikalia.

“Céline!” akaita kutoka juu. “Na miye niko nakufa!”

Jean-Luc, mchezaji asiyejua kuchoka, aliitaka naye. Saa ikamlilia vilevile.

“Basi watuzike bote ku shimo moja,” akasema Jean-Luc. “Itakuwa bei nafuu.”

Lakini Céline alikuwa ameacha kulia. Alikuwa mwalimu, na swali lilikuwa limemshika. Watu watatu wazima, na hukumu moja: je, wote ni wagonjwa, au hakimu anatumia sheria isiyo yao? Akampigia mjomba wake.

“Mujomba Callixte, hii montre ulinunua mupya?”

“Hapana, mama. Niliivaa myaka mingi mbele ya kukutumia. Daktari yangu njo aliipanga.”

“Aliipanga namna gani?”

“Aliingiza umri yangu, ili inikataze kukimbia kama kijana. Inajua niko na myaka sabini na mbili!”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Saa huweka mwisho wa mapigo kwa kufuata umri iliopewa. Mlima ulio hatari kwa mzee wa sabini na mbili ni kazi ya kawaida kwa msichana wa ishirini na nne, na saa haikujua kwamba mkono umebadilika. Céline akaondoa umri wa mjomba, akaandika wake, akakimbia mpaka juu. Kioo hakikuwa chekundu tena.

Aliteremka akicheka, na Jean-Luc akicheka pamoja naye. Marcellin hakucheka.

“Mbona weye haucheke?”

“Montre ilidanganywa na umri. Weye hakuna aliyekudanganya. Kama ingekuwa kweli, ningejua siku gani? Siku ya mazishi?”

“Niliogopa utabaki na miye kwa huruma.”

“Ungeniuliza. Nimetembea kutoka Itebero nikitafuta kosa yangu ku kila kilima, na sikuipata.”

Céline aliinamisha kichwa. “Unisamehe, Marcellin. Kosa ilikuwa yangu, na ulibeba weye.”

Marcellin akachukua mfuko wake, akautia begani. Jean-Luc akaushika mpira kifuani, asithubutu hata kuudundisha.

“Swali moja tu,” akasema Marcellin. “Siku utakuwa mugonjwa kweli, nani atajua wa kwanza?”

“Weye.”

“Mbele ya infirmier wa kituo cha afya?”

“Mbele ya infirmier. Mbele ya montre. Mbele ya mama yangu.”

Marcellin akaushusha mfuko. Akaketi kwenye ngazi ya darasa, akavua buti moja, akamwaga maji yenye matope.

“Basi wazee watakuja. Na mama yako apike maharagwe mingi. Baba yangu mudogo anakulaka kama bantu wawili.”

Sasa ninyi vijana, wekeni simu chini msikie. Chombo kikikuambia habari za mwili wako, uliza kilipangwa na nani, kwa ajili ya nani. Kisha nenda kwa muuguzi na umweleze yote, usimfiche nusu. Na mtu aliyekuja kukuomba uwe wake ana haki ya kuijua hofu yako kabla hujamfukuza. Anayekata simu ili asiulizwe hajamhurumia mtu. Amemwibia uamuzi wake. Jambo hili lisisikike tena kwetu. Mmeelewa? Itikeni.