Silinda Kumi na Mbili

Simu ilitetemeka mfukoni.

"Mwewe."

"Nakupata, Mkuu."

"Yai linatoka kiotani leo mchana. Wanunuzi wa nje wako lango la nyuma, na lori. Mtu wao wa ndani bado hatujamjua."

"Mimi namjua," alisema Mwewe, akakata.

Hakumjua. Alikuwa tu na mtu ambaye alitamani awe ndiye.

Yai lilikuwa gari, la pekee la aina yake. Nyuma injini ya petroli, silinda kumi na mbili. Mbele mota mbili za umeme. Kompyuta iliyozipatanisha ilikuwa kazi ya miaka sita ya Mhandisi, na Mhandisi alikuwa mtalaka wa Mwewe. Gari likivuka lango, miaka hiyo yote ingeuzwa kwa jina la mtu mwingine.

Alisukuma mlango wa karakana.

Mhandisi alikuwa kwenye kompyuta yake, anacheka. Dereva wa majaribio ameegemea rundo la matairi, chupa ya maji mkononi, anamsimulia kitu. Mwewe aliishi na mwanamke yule miaka minane na hakukumbuka kumchekesha hivyo hata mara moja. Kifua kilimwaka.

Bastola yake, Glock, ikatoka na kumlenga Dereva.

"Gari liko wapi?"

"Kaka, taratibu," alisema Dereva. "Analo Mzee wa Injini. Kasema anakagua mafuta."

"Mwongo."

"Baba mtoto," alisema Mhandisi, kicheko kimemkauka, "shusha hicho kitu."

Hakushusha.

Nyuma ya jengo, silinda kumi na mbili zikanguruma.

Mwewe alishtuka. Gari lile lingeweza kuwapita walinzi kwa umeme mtupu, bila sauti. Mwizi yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye asingekubali kusogea hata hatua kwa nguvu za mota: Mzee aliyeichonga injini ile. Tangu mota zije, wageni waliuliza habari za betri tu, na yeye alihamishiwa kiti cha mwisho mezani. Mwewe alikijua kiti hicho.

Akatoka mbio, akachupa kwenye pikipiki ya tarishi. Redio mdomoni.

"Mhandisi, lizime."

"Siwezi. Injini ni yake, hakutaka niiguse."

"Na mota?"

"Mota ni zangu."

"Basi zivute nyuma."

Akasikia vidole vikigonga vitufe.

Magurudumu ya mbele yakaanza kukaza, yakigeuza mwendo kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri. Ya nyuma yakasukuma. Injini ikapiga kelele, matairi yakatoa moshi, kila upande ukikataa kushindwa.

Gari likasimama mita chache kabla ya lango.

Nje, lori likawashwa. Mwewe akapiga risasi mbili, matairi mawili yakaketi. Walinzi wakawatoa wanunuzi mikono juu.

Akafungua mlango wa gari. Mzee alikuwa bado amekanyaga mafuta.

"Kwa nini hukutoka kimyakimya, Mzee?"

"Nibebwe na mota za yule binti?" Machozi yalimlengalenga. "Bora jela."

Mwewe alimfunga pingu polepole. Alitamani kumdharau, akashindwa.

Mhandisi alifika akihema, Dereva nyuma yake. Alipapasa boneti kwanza, ndipo akamgeukia Mwewe.

"Umemshikia mwenzio bastola. Ulikuwa na ushahidi gani?"

Mwewe alivaa miwani yake ya jua.

"Anakuchekesha."

Dereva akakohoa, akaonyesha gari. "Kaka, basi panda, nikufikishe barabarani."

"Nitatembea."

Akapita katikati ya lori na walinzi, mikono mifukoni. Simu ikatetemeka.

"Mwewe. Mtu wa ndani ndiye yule uliyesema unamjua?"

"Hapana, Mkuu. Ni Mzee wa Injini," alisema, bila kugeuka nyuma. "Lakini mimi na yeye tulifanana."