Bosi Kaziba Mkojo Tena

Sokoni Chisokone, pale Kitwe, ukibeba kitanda kichwani watu watakupisha, wala hawatakuuliza unakwenda kulala na nani. Lakini siku Kasuba alipokatiza katikati ya meza za viatu akiwa amekumbatia kikapu, na ndani ya kikapu kitu kinalia kama mtoto aliyebanwa mlangoni, soko zima liligeuka.

"Dada, mtoto wa nani huyo unamwiba?"

"Ni paka."

"Paka! Mchana kweupe? Wenzako huwatuma usiku!"

Kicheko kikapasuka kutoka kwa wauza nyanya hadi kwa wauza mitumba. Kasuba akauma meno. Alikuwa mshona sare za shule, wa miaka ishirini na saba, na kitenge chake cha njano kilimkaa kiunoni kama alishonewa akiwa tayari amekivaa. Ila siku hiyo macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, kwa hiyo hakuliona rundo la mabomba ya plastiki. Akalikwaa, akapepesuka, na mkono mmoja mkubwa ukakidaka kikapu.

Mwenye mkono alivaa ovaroli ya bluu, na mabega yake yangeweza kuziba mlango wa kanisa. Aliitwa Chola.

"Mgonjwa wako ana nini?"

"Mkojo umefunga. Tangu jana hajatoa hata tone."

"Basi amefika kwa mtu wake. Mimi fundi bomba."

"Kaka, ukinicheka nakupiga na hilo bomba lako."

"Sicheki. Nipe kikapu." Akakinyanyua juu ya kichwa, akaanza kupaza sauti kwa wauza viatu: "Pisheni! Mgonjwa anapita! Pisheni, mama!" Na wale wale waliokuwa wakicheka wakapisha.

Zahanati ya mifugo ilikuwa nyuma ya soko. Daktari Siame, mama mfupi mwenye miwani mizito, alimlaza paka mezani, akaminya tumbo, akakuta kibofu kigumu kama ndimu. Akachukua mpira mwembamba wa kuzibulia. Chola alipoona mpira unaelekezwa wapi, jasho likamtoka, akasema anasikia hewa haitoshi, akatoka nje. Fundi mzima.

Kwa hiyo hakuyasikia aliyoyasema daktari.

"Kasuba, hii ni mara ya pili mwaka huu. Njia ya dume ni nyembamba kama uzi, na huyu anatengeneza mchanga kwenye mkojo. Chakula cha kopo nitakachokupa, maji mengi, basi. Dagaa wakavu marufuku, hata kichwa kimoja. Akiziba siku mbili, sumu inapanda kwenye damu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, daktari. Ni paka wa baba."

Hakuhitaji kuongeza. Baba yake alikuwa mchimbaji mgodini, na miezi yake ya mwisho paka huyu, Bosi, ndiye aliyelala kifuani pake, akipanda na kushuka na kile kifua mpaka kilipokoma. Nyumbani kwao Chamboli, hakukubaki kitu kingine cha baba chenye uhai.

Chola alikuwa bado nje, ameegemea ukuta.

"Kazibuka?"

"Kazibuka. Na wewe je, hewa imerudi?"

Wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Simu zikawa haziishi. "Mpenzi, umekula?" "Bado, nakushonea watoto wa watu sare." "Na Bosi kakojoa?" "Kakojoa." "Basi nchi iko salama." Baada ya miezi mitano mshenga wa Chola, mjomba wake mwenye kofia ya manyoya, alikwenda kwa wazee akiwa na sahani mbili za posa zilizofunikwa kitambaa, na posa ikapokewa. Ikabaki siku ya vyungu, wanawake wa upande wa Kasuba wampelekee mchumba chakula cha kila aina, kumwonyesha moto wa nyumba yao. Kabla ya siku hiyo mchumba hali kwa wakwe. Tumbo lingurume kama lori la mgodi, atasema ameshiba.

Kasuba hakuwa na subira na mambo hayo. Kila Jumatano mama yake, Bana Kasuba, yaani Mama Kasuba kwa lugha ya kwao, alikuwa kanisani na akina mama wenzake, na kila Jumatano Chola alipita na viatu vilivyopigwa rangi.

"Kaa, ule."

"Kasuba, mjomba alinionya. Bado hawajaniletea vyungu."

"Mjomba wako yuko hapa? Nimesimama jikoni saa nzima kukupikia dagaa wa kapenta, nyanya na vitunguu kama unavyopenda. Au unaogopa nimekuwekea dawa?"

"Sijasema hivyo."

"Basi kula, mume wangu. Usinitie aibu."

Chola akatazama sahani, akatazama mlango. "Niletee maji kwanza, mpenzi. Ya baridi." Kasuba alikwenda kwenye mtungi. Aliporudi, nusu ya sahani ilikuwa imekwisha. Baadaye akaombwa chumvi, na baada ya chumvi kitambaa cha kufutia mikono, na mwisho sahani ilirudi nyeupe. Moyo wa Kasuba ulivimba kama maandazi. Aliwapigia rafiki zake simu kuwaambia kuna mwanamume anakula kapenta mpaka kichwa cha mwisho.

Wiki ya nne Bosi aliingia kwenye karai la mchanga wake, akachuchumaa, akakaza, akalia. Akatoka, akarudi, akakaza tena. Mchanga ulibaki mkavu.

"Mtu anampa dagaa," Daktari Siame alisema, akitazama mkojo wa damu ndani ya bomba la sindano. "Usiniambie hapana. Mkojo hausemi uongo."

Kasuba alirudi nyumbani akiwaka. Mama yake alikuwa kibarazani, ungo mapajani, anachambua kapenta wa mchana.

"Mama, unampa Bosi hao?"

"Nani, mimi?"

"Tuko wawili humu ndani. Mimi simpi. Wewe hukumpenda tangu zamani, majirani wakisema paka wa mchawi unanyamaza."

Bana Kasuba aliweka ungo chini polepole. "Paka aliyekaa na mume wangu mpaka akafumba macho. Nimuue mimi?"

Kasuba hakuomba radhi. Kesho yake mama alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda Luanshya kwa dada yake. Na bila mama, nani angepika vyungu?

"Mbona sauti imekauka?" Chola aliuliza kwenye simu.

"Mama kasafiri."

"Kuna nini?"

"Mambo ya nyumbani, Chola. Si ya kumwambia mkwe."

Naye akaheshimu, asiulize tena. Heshima hiyo nusura imzike paka.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi asubuhi, Bosi alikutwa amelala ubavu kando ya karai, pua baridi, hata kulia hawezi tena. Kasuba alikimbia naye bila kikapu, amemfunga kwenye shuka, miguu peku. Mezani kwa daktari paka akakakamaa, akatapika.

Daktari alitazama. Kasuba akatazama. Vichwa vidogo vya kapenta, na ngozi ya nyanya, na kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba kama uzi, vile anavyokata yeye peke yake Chamboli nzima. Pishi la jana. Nyumba ilikuwa na watu wawili jana, na mmoja ni yeye.

"Daktari," alisema, "nipe dakika moja nipige simu."

Akatoka nje kwenye ukuta ule ule.

"Chola. Jana ulikula?"

"Nilikula, mpenzi, nilishiba hata..."

"Chola."

Kwa mbali, nyundo ya mtu inagonga chuma.

"Sikula."

"Na wiki iliyopita?"

"Sikula hata siku moja, Kasuba. Nilimpa Bosi. Alikuwa anakaa chini ya kiti ananitazama, nikaona tunasaidiana. Niliogopa mila, na nilikuogopa wewe."

"Hao kapenta ndio wanaomziba! Nimemfukuza mama yangu kwa ajili ya sahani yako! Ungesema tu hapana, neno moja!"

"Sikujua, hukuniambia..."

"Usinipigie tena."

Alirudi ndani. Daktari hakupamba maneno. "Kumzibua tu hakutoshi tena. Nimkate, nimpanulie njia, awe anakojoa kama jike. Anaweza asiamke. Au nimpumzishe sasa hivi, asiteseke."

"Mkate," Kasuba alisema.

Paka akiwa bado chini ya kisu, yeye alikuwa Luanshya, amepiga magoti uani kwa mama yake mdogo, mbele ya karai la karanga. Alisema yote bila kujisitiri. Bana Kasuba aliendelea kumenya.

"Kwa hiyo mkwe wangu hajala kitu nyumbani kwangu?"

"Hata tonge."

"Basi amefunzwa kwao. Wewe ndiye sijui nilikufunza wapi, unamlisha mwanamume wa watu kwa wizi." Karanga tatu zikaanguka kwenye karai. "Inuka, unachafua magoti. Ulinichoma, Kasuba. Sitasema hukunichoma. Lakini nisikilize. Mwanamume anayeshindwa kukataa sahani ya dagaa, kesho atashindwa kumkataa mke wa jirani. Hilo ulipime mwenyewe. Mimi nakwenda kumwona paka wangu."

Bosi aliamka. Alirudishwa nyumbani Jumamosi, amenyolewa makalio, na shingoni kola pana ya plastiki ya kumzuia asijilambe, iliyomfanya aonekane kama taa iliyoungua. Daktari alikuwa ametoa mpira asubuhi hiyo. "Sasa ni yeye. Akikojoa mwenyewe kabla ya jua kuzama, tumepata. Asipokojoa, sina mahali pengine pa kumkata. Na hata akipona, mchanga unaweza kurudi. Utaishi naye ukimchunga."

Kasuba alikaa kibarazani na paka mapajani, amevaa gauni lake la kanisani, maana nguo nyingine zote zilikuwa zimeloa damu na dawa. Saa nane. Saa tisa. Ndani, mama alikuwa akisali kwa sauti ya chini. Saa kumi simu ikalia. Alitazama jina muda mrefu, akapokea.

"Najua ulisema nisipige," Chola alisema. "Bado yupo?"

"Yupo. Hajakojoa."

"Nisamehe, Kasuba. Na mama unisalimie."

"Nikuulize kitu. Usinijibu ninachotaka kusikia. Unampenda Bosi?"

Akasikia mtu anavuta pumzi.

"Hapana," Chola alisema. "Simpendi. Ana kucha, ana kiburi, na jinsi anavyonitazama utadhani ananidai mahari. Lakini sitaki afe. Nikioa hapo, karai lake nitalisafisha mimi, kila asubuhi, mpaka siku yake. Kumpenda sikuahidi."

Kasuba alifumba macho. Neno hilo lilimwingia pabaya, halafu likatulia, kama mtu aliyepata kiti.

"Kasuba? Nimekukosea tena?"

Kitu cha moto kilikuwa kinamtambaa pajani, taratibu, kikipenya gauni, kikishuka gotini mpaka kwenye kiatu. Alianza kulia kwa sauti.

"Kasuba! Amekufa?"

"Amenikojolea!" alipiga kelele, na mama akatoka mbio na Biblia mkononi. "Gauni zima! Chola, njoo. Pitia kwa mjomba wako, uje naye, mama yupo, mpange siku ya vyungu."