Tangi Lililogeuka Jekundu

Kila asubuhi Rodah alikamua, akapeleka maziwa barabarani, kisha akawafungulia ng'ombe wakanywe. Walikunywa kwenye tangi fupi la simenti, lisilo na kifuniko, nyuma ya nyumba yao kule Kimulot, kwenye mashamba ya chai. Maji yake yalikuwa ya kijani kidogo. Hakuna aliyejali.

Mwaka huo wa 1997 kiangazi kilikuwa kikali. Bethwel, mumewe, alikuwa ameukata mti uliotia tangi kivuli ili aongeze mistari ya chai.

Siku moja Rodah alifika tangini akasimama ghafla. Maji yalikuwa mekundu. Kuta nazo zilikuwa nyekundu, kama mahali palipochinjwa mnyama. Ng'ombe walinusa, wakarudi nyuma. Alichovya kidole, kikatoka chekundu. Alimwita mumewe.

"Hii ni damu," Bethwel alinong'ona. "Ni uchawi wa yule Loice. Juzi alichungulia hapa."

Loice na mumewe Omollo, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, walikuwa wageni, kutoka upande wa ziwa. Walikodi chumba ng'ambo ya shamba.

"Una hakika gani, Baba Kiplimo?"

"Vijana wa kijiji wanakuja jioni. Asipohama, nyumba yake itaungua."

Rodah aliogopa sana. Alimjua mumewe: akisema, amesema.

Mchana Mwalimu Mellen, anayefundisha sayansi sekondari, alikuja kununua maziwa. Alisikia ng'ombe wakilia kwa kiu, akaenda kutazama, na Rodah akamweleza kuhusu Loice na vijana wa jioni.

"Nani alikata mti hapa?" aliuliza.

"Ni mzee wangu," Rodah alijibu.

"Basi mchawi ni yeye!"

Bethwel alikunja uso. "Mwalimu, usicheze na damu."

"Si damu. Ile kijani mliyozoea ni mwani, mimea midogo sana. Inahitaji mwanga, lakini jua likizidi linaiumiza. Ulipoiondolea kivuli, ikajitengenezea chake. Inatengeneza rangi nyekundu ndani yake, inavaa ngozi ngumu, inalala. Hata Mama Kiplimo hujifunga leso kichwani akichuma chai juani."

"Hayo ni maneno ya kitabu."

"Basi jaribu. Weka kidogo kwenye chupa ya maji safi, uiache kivulini siku chache. Huwezi kungoja kabla ya kuchoma nyumba ya mtu?"

Bethwel alikitazama kisiki cha ule mti. "Na vijana niwaambie nini?"

"Waje na brashi. Maji machafu ni machafu tu. Mwageni, msugue, mweke paa."

Vijana walikuja, wakasugua wakinung'unika. Bethwel alifunika tangi kwa mabati. Ng'ombe walikunywa tena, maziwa yaliyokuwa yamepungua yakarudi. Nayo chupa ambayo Bethwel aliijaza kabla ya kusugua, akaiweka kivulini, ilianza kuwa ya kijani baada ya siku chache. Bethwel aliishika, akamwonyesha Rodah.

Rodah alivuka shamba. Ilikuwa mchana, lakini mlango wa Loice ulikuwa umefungwa. Alibisha hodi.

"Mko wangapi?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Niko peke yangu, Mama Phelix. Nimekuja kuomba msamaha."

Kisha Rodah akasikia kitanda kikiburutwa kutoka mlangoni.